Ganzi Ina Njia Zake

Msikilizaji, nianze na panya.

Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam, Dk. Zulfiqarali Abbas akiwa mmoja wao, walichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza taarifa ya wagonjwa wa kisukari waliotafunwa miguu na panya wakiwa usingizini. Mtu analala salama, anaamka na jeraha ambalo hakulisikia likifanyika. Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba panya hung'ata huku akipuliza, ndiyo maana aliyelala haamki. Kwa wagonjwa wale panya hakuwa na haja ya kupuliza.

Jambo hilo halikuwa geni kwa waliowahi kuhudumia wagonjwa wa ukoma. Kule Vellore, India, ambako daktari Mwingereza Paul Brand alianza kazi mwaka 1946, wagonjwa wa ukoma walikuwa wakiamka asubuhi wamepungukiwa na sehemu ya kidole. Mtu akakeshea, akamwona panya. Tangu hapo mgonjwa aliyeruhusiwa kurudi kwao alipewa paka wa kwenda naye. Brand alitumia maisha yake kufundisha kwamba ukoma wenyewe haukati vidole. Kinachovikata ni kukosa maumivu, kwa sababu mwenye mguu usiouma hukanyaga msumari akaendelea na safari, hutembea na kokoto ndani ya kiatu kutwa nzima, huweka unyayo karibu na moto asijue unaungua. Alipohamia Carville, Louisiana, miaka ya 1960, mafunzo hayo pamoja na viatu vilivyobuniwa kwa ajili ya wagonjwa wa ukoma yalianza kutumika kwa wagonjwa wa kisukari.

Leo nataka tuzungumze jinsi kisukari kinavyoharibu neva, na hasa mpangilio wa uharibifu huo, maana hakiharibu ovyo. Kina njia zake. Anayezijua anaweza kumweleza daktari tatizo lake kwa namna ambayo daktari hatalipita juu juu. Atatambua pia siku ambayo ganzi yake haitokani na sukari hata kidogo.

Njia ya wengi huanzia kwenye ncha za vidole vya miguu. Miguu yote miwili, karibu kwa pamoja. Ganzi inapanda taratibu, mwaka hadi mwaka: vidole, nyayo, vifundo, nusu ya muundi. Ikikaribia magoti, ncha za vidole vya mikono nazo zinaanza. Madaktari huuita mpangilio wa soksi na glavu, na ukimwomba mgonjwa aoneshe kwa mkono pale ganzi inapoishia, mara nyingi huonesha mstari wa kuzunguka mguu, palepale ambapo soksi ingekomea.

Kwa nini miguu kwanza? Ni suala la urefu. Neva inayoleta habari za kidole gumba cha mguu ina seli yake huku juu, kando ya uti wa mgongo, na kutoka hapo uzi wake unashuka hadi kidoleni, mwendo wa karibu mita moja kwa mtu mzima. Sehemu kubwa ya mahitaji ya uzi huo hutengenezwa kwenye seli kisha husafirishwa hadi chini. Sukari ikikaa juu kwa miaka, mambo kadhaa hutokea kwa wakati mmoja. Sukari huingia ndani ya neva hata bila insulini, na humo hugeuzwa kuwa kemikali zinazoidhuru. Vimishipa vidogo vya damu vinavyoilisha neva huwa vinene na kupitisha damu kidogo. Mafuta yaliyozidi kwenye damu nayo huchangia, hasa kwa wenye kisukari cha aina ya pili. Usafirishaji unadorora, na ncha iliyo mbali kuliko zote ndiyo inayokosa kwanza. Ganzi ikifika magotini ina maana kwamba neva zenye urefu wa kutoka kiunoni hadi gotini nazo zimeguswa, na huo unakaribia urefu wa zile zinazotoka shingoni hadi vidole vya mkono. Ndiyo maana zamu ya mikono hufika wakati huo. Na mtu mrefu, maskini, yuko hatarini zaidi kuliko mfupi.

Neva moja ina nyuzi nyembamba na nyuzi nene. Nyembamba hubeba habari za maumivu, joto na baridi. Nene hubeba mguso, mtetemo, na ile hisia ya kujua mguu wako uko wapi pasipo kuutazama. Mara nyingi nyembamba ndizo hutangulia kuumia, na zenyewe haziumii kimya. Hapo mtu anasema nyayo zinawaka moto, zinachomachoma kama sindano, siafu wanamtembea. Usiku ndiyo balaa. Shuka likigusa vidole ni taabu, anatoa miguu nje ya chandarua kutafuta ubaridi wa sakafu. Nyuzi nene zikiharibika hali huwa nyingine: anahisi kama anakanyaga godoro, anayumba gizani, anapepesuka bafuni akifumba macho kwa ajili ya sabuni. Kandambili inachomoka mguuni naye anaendelea kutembea, hadi mtoto amwambie, babu, kiatu kimoja umekiacha kule.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Moto wa nyayo ukizimika wenyewe bila dawa, watu humshukuru Mungu. Nami ningependa kushukuru pamoja nao, lakini mara nyingi maana yake ni kwamba nyuzi zilizokuwa zikilalamika zimekufa. Tena wapo ambao hawapitii maumivu kabisa. Hadi nusu ya wenye uharibifu huu hawana dalili wanayoilalamikia. Ukiwauliza miguu vipi, wanajibu miguu haina shida. Baadhi ya wenye aina ya pili hukutwa na ganzi siku ileile wanayoambiwa wana kisukari, kwa kuwa sukari ilikuwa juu kwa miaka kabla hawajapima.

Kuna na jingine linalowadanganya watu. Neva zilezile hutawala jasho la miguu na misuli midogo ya ndani ya unyayo. Jasho likikatika, ngozi inakauka, magaga yanapasuka, na kwenye mpasuko wadudu wa maradhi wanapata pa kuingilia. Misuli midogo ikinyauka, vidole vinajikunja kama makucha na uzito wote unahamia chini ya vifupa vya mbele ya unyayo. Hapo ndipo sugu linapoota, na chini ya sugu, bila mwenyewe kusikia, nyama inasagika hadi kuwa kidonda. Wakati huohuo mguu wenyewe unaweza kuwa wa moto moto na mishipa yake ya damu imejaa, kwa sababu neva zilizokuwa zikiibana mishipa hiyo zimelegea. Ukiushika unasema mguu huu una afya. Hauna.

Mguu ukivimba ghafla, ukawa mwekundu na wa moto kuliko mwenzake, na hauumi au unauma kidogo tu, tafadhali usiukande. Inawezekana mifupa inavunjika na kubomoka humo ndani. Mfaransa Jean-Martin Charcot alieleza viungo vya namna hiyo mwaka 1868 kwa wagonjwa wa kaswende, na mwaka 1936 Mmarekani William Jordan akavihusisha na kisukari. Leo kisukari ndicho chanzo chake kikubwa. Mara kwa mara hudhaniwa ni uambukizi au gauti, mgonjwa akapewa antibaotiki na kuambiwa atembee polepole, ilhali dawa yake ni kutokukanyaga kabisa na kufungwa plasta ngumu kwa wiki nyingi. Ukichelewa, upinde wa unyayo unaporomoka na mguu unabaki umepinda chini kama mtumbwi.

Mkono nao usisahaulike. Mwaka 2002 ilitolewa taarifa kuhusu wagonjwa wa Dar es Salaam ambao jeraha dogo la mkono, mkwaruzo au kuumwa na mdudu, liligeuka kuwa uambukizi wa kutisha. Wengine walikatwa vidole, wengine walipoteza maisha. Kuchelewa kufika hospitali kulichangia sana, na mwenye ganzi ana kila sababu ya kuchelewa, kwa kuwa kidonda chake hakimsukumi.

Njia ya pili haionekani kwa macho. Mwili una neva zinazofanya kazi bila amri yako: za moyo, tumbo, kibofu, jasho, na viungo vya uzazi. Kisukari huzifikia pia, na kwa sababu dalili zake zimesambaa mwili mzima, mgonjwa humweleza kila daktari kipande chake. Kwa mmoja analalamika kizunguzungu kila anaposimama, kwa mwingine tumbo linalojaa baada ya matonge mawili na kutapika chakula cha jana, kwa wa tatu kuharisha usiku. Moyo unakwenda mbio hata akiwa ameketi. Kibofu hakimwambii kimejaa. Wanaume wengi hupungukiwa nguvu za kiume, na hapo ndipo siri inapoanza na pesa kwenda kwa wauza dawa za kuongeza nguvu waliojaa mitaani, wakati ambapo tatizo hilo linaweza kuwa ndiyo dalili ya kwanza ya kisukari kisichojulikana. Ningekuwa na mamlaka, kila mwanaume anayeulizia dawa hizo angepimwa sukari kwanza.

Yenye hatari kuliko yote katika njia hii ni mawili. La kwanza ni moyo kupata shambulio bila maumivu ya kifua: mtu anachoka ghafla, anatoka jasho, anakosa pumzi, basi. La pili ni sukari kushuka bila onyo. Kwa kawaida sukari ikishuka mwili hutetemeka, moyo hudunda, jasho hutoka, mtu akatafuta kitu kitamu. Kengele hiyo ikiharibika, mgonjwa anapita moja kwa moja kutoka kuzungumza hadi kupoteza fahamu. Wanaofunga Ramadhani huku wanatumia insulini, au vidonge vya kusukuma kongosho kama glibenklamidi, wazungumze na daktari wao kabla ya mwezi kuandama, hasa wale ambao wameacha kuhisi sukari inaposhuka.

Zipo njia nyingine, chache zaidi, ambazo zinavunja kanuni ya soksi na glavu. Hizi hazianzii mbali, na hazina haja ya kuwa pande zote mbili. Zinakuja ghafla, na kwa kuwa zinakuja ghafla, ndizo zinazozua maneno mitaani.

Mzee anaamka kope la jicho moja limeanguka. Akilinyanyua kwa kidole, jicho limetazama nje na chini, na anaona vitu viwiliviwili. Nyumbani wanasema amepigwa na upepo. Neva ya tatu ya kichwa imekosa damu, na kisukari kinajulikana kwa kufanya hivyo. Kwa kawaida mboni haipanuki, na jicho hurudi lenyewe katika miezi mitatu hivi. Lakini mboni ikiwa imepanuka, au kichwa kinauma vibaya, hiyo ni dharura nyingine kabisa, kwa kuwa mshipa wa damu ndani ya kichwa unaweza kuwa umevimba na unakaribia kupasuka. Kati ya hali hizo mbili hakuna atakayekuamulia ukiwa nyumbani, nenda hospitali.

Au paja. Mwanamume wa miaka 60 na kitu, kisukari chake cha aina ya pili hata si kikali, anaanza kuumwa paja moja usiku, maumivu makali yasiyomlaza. Baada ya wiki chache nyama za paja zinanyauka, goti linamkatikia akishuka ngazi, hawezi kuinuka kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono. Anakonda. Majirani wanaanza kuhesabu magonjwa wanayoyajua, na wengine wanahesabu maadui. Mjerumani Ludwig Bruns aliieleza hali hii mwaka 1890, na Mwingereza Hugh Garland aliipa jina mwaka 1955. Inatisha lakini haiui. Kwa miezi, pengine hadi miaka miwili, nguvu hurudi kwa sehemu kubwa, ingawa si zote, na kazi ya mazoezi ya viungo hapo ni kubwa kuliko ya vidonge.

Au kifua na tumbo: maumivu yanayozunguka upande mmoja wa mwili kama mkanda, ngozi haitaki hata kuguswa na shati. Mtu anapimwa vidonda vya tumbo, anapimwa nyongo, anasubiriwa atokwe na malengelenge ya mkanda wa jeshi, nayo hayatokei. Wapo waliofikia kuchunguzwa kwa upasuaji wakati tatizo lilikuwa mzizi wa neva mgongoni.

Na mkononi, kidole gumba, cha shahada na cha kati vinakufa ganzi usiku, mama anaamka anakung'uta mkono ndipo apate nafuu. Hii haina uhusiano na glavu niliyoitaja mwanzo. Ni neva moja iliyobanwa kwenye kiganja karibu na kifundo, na neva za mwenye kisukari hubanwa kwa urahisi zaidi kuliko za wengine. Ina tiba zake, kuanzia kibanzi cha kuvaa usiku hadi upasuaji mdogo, kwa hiyo ni hasara kuitupa kwenye kapu moja na ganzi ya miguu.

Basi ukishaijua ramani, utaona pia pale isipofanana. Ganzi iliyoanzia mikononi. Ganzi ya mguu mmoja tu. Udhaifu uliotangulia ganzi. Hali iliyopanda kutoka vidoleni hadi mapajani kwa wiki mbili. Hizo zitafutiwe sababu nyingine, hata kama kadi yako ya kliniki imeandikwa kisukari kwa wino mwekundu. Pombe ya miaka mingi huharibu neva kwa mtindo wa soksi uleule. Dawa ya kifua kikuu, isoniazidi, hufanya hivyo pia kwa kupunguza vitamini B6, na kifua kikuu na kisukari ni maradhi yanayopenda kukaa nyumba moja. VVU vyenyewe, na dawa za zamani kama stavudini, vimewaachia watu wengi nyayo za moto. Ukoma bado upo, nao hautii kanuni ya urefu: hupenda sehemu za mwili zilizo baridi, huacha mabaka yasiyohisi, na neva ya kwenye kiwiko hunenepa hadi ukaipapasa kwa kidole.

Halafu kuna metformini, dawa ambayo wengi wetu wenye wagonjwa nyumbani tunaijua kwa sura. Ikitumiwa kwa miaka hupunguza vitamini B12 kwa baadhi ya watu, na upungufu wa B12 hufanana sana na ganzi ya kisukari. Huo unapimika na unatibika, kwa hiyo ulizia kipimo, usiache dawa. Ila ule mtindo wa kununua vidonge vya vitamini B mchanganyiko dukani kila mwezi kwa ajili ya ganzi, siuungi mkono. Kama hujapungukiwa, havikusaidii, na B6 kwa kiwango kikubwa kwa muda mrefu nayo huharibu neva.

Kuhusu tiba nitasema kwa ufupi, kwa sababu ukweli wake ni mfupi. Amitriptilini, duloksetini, gabapentini na pregabalini hupunguza maumivu. Hakuna hata moja inayofufua neva. Kinachopunguza uharibifu ni kuidhibiti sukari mapema. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na Kanada na kutangazwa mwaka 1993 ulionesha kwamba wenye kisukari cha aina ya kwanza waliodhibiti sukari kwa ukali walipunguza hatari ya uharibifu wa neva kwa asilimia 60 hivi. Kwa aina ya pili faida ipo lakini ni ndogo zaidi, na huko shinikizo la damu, mafuta, uzito na sigara navyo vina neno. Na wale ambao sukari yao ilikuwa juu mno kwa miaka wasiishushe kwa pupa bila kuongozwa: ikishuka sana katika miezi michache, wengine hupata maumivu mapya makali ya neva. Hupoa baadaye, lakini wapo walioacha dawa kwa sababu hiyo wakaharibikiwa zaidi.

Kuna kipimo ambacho familia inaweza kukifanya leo jioni. Kilitoka Ipswich, Uingereza, na kilichapishwa mwaka 2011. Mgonjwa alale au aketi amenyoosha miguu, afumbe macho. Wewe gusa kwa ncha ya kidole chako, taratibu, bila kubonyeza wala kusugua, ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Vidole sita, mguso wa sekunde moja au mbili, bila mpangilio wa kukisiwa. Kila akihisi, aseme kulia au kushoto. Kidole kikikosewa usirudie. Akikosa viwili au zaidi, ganzi ipo, na mguu huo ni wa kulindwa kuanzia sasa: kutokutembea pekupeku hata ndani, kukung'uta viatu kabla ya kuvaa, kupima joto la maji kwa kiwiko na si kwa mguu, kukagua nyayo kila usiku kwa kioo au kwa macho ya mwingine, kupaka mafuta kwenye magaga lakini si katikati ya vidole, na kutokukata sugu kwa wembe. Kidonda chochote, hata kisichouma, na hasa kisichouma, kionwe na mhudumu wa afya siku hiyohiyo au inayofuata.

Mwenye aina ya pili anastahili kuchunguzwa miguu tangu siku anayogundulika, na mwenye aina ya kwanza baada ya miaka 5, kisha kila mwaka. Lakini tunazijua kliniki zetu: foleni ndefu, sukari inapimwa, shinikizo linapimwa, dawa zinaandikwa, mwingine aingie. Nakuomba basi, safari ijayo, usisubiri kuambiwa. Ukishaketi tu mbele ya daktari, vua viatu na soksi, nyoosha miguu, umwambie: daktari, leo naomba unitazame nyayo.